Kitabu Kisomwacho kwa Sauti

Usiku mmoja wa masika, umeme ulipokatika mtaani na simu zote za nyumbani kwetu zikawa zimezima kwa kuisha chaji, mwanangu wa miaka 9 alinifuata jikoni akaniuliza afanye nini mpaka usingizi umjie. Swali lile lilinichoma kuliko alivyokusudia, kwa kuwa mimi nilipokuwa na umri wake sikupata kumwuliza mtu neno kama hilo: nilikuwa na vitabu vya baba. Nikachukua kandili, nikaliendea sanduku la mvule aliloliacha marehemu, na chini ya kanzu zake na hati za shamba nikakuta nakala ya Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1952. Jalada lilikuwa limeachana na kurasa, mende wamezila pembe, na katikati palikuwa na doa la chai ambalo nalijua asili yake, maana aliyeimwaga chai ile ni mimi, siku ambayo sikutaka kukiweka kitabu chini hata kwa kunywa.

Yanipasa nikiri kwamba kwa takriban miaka 15 sikuwa nimesoma kitabu hata kimoja mpaka mwisho wake. Skuli niliyosomea ilitulea, kwa nia njema, katika itikadi kwamba kitabu ni mzigo wa mtihani. Tulitaja wahusika, tukaorodhesha dhamira, tukapigia mistari tamathali za semi, na mtihani ulipokwisha tukavifunga vitabu vile kama mtu afungavyo daftari la deni lililolipwa. Kisha zikaja kazi na malezi, na ikaja simu, ambayo humpa mtu maneno elfu kwa siku pasipo kumpa hadithi moja yenye mwanzo na hatima.

Basi nikaketi kitandani, nikaanza kusoma kwa sauti. Rai, mfalme wa Ughaibu, anamtuma Ikibali kwenda Janibu kwa Adili kuulizia kodi iliyochelewa. Na huko, usiku wa manane, mgeni anamwona mwenyeji wake, mtu asifiwaye kwa insafu na huruma, akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi. Hapo nikafunga kitabu.

Mwanangu akainuka akaketi. “Mama, manyani wamemkosea nini?”

“Kesho, inshallah.”

“Lakini si umesema ni mtu mwema?”

Swali hilo la pili ndilo lililonikesha. Darasani nilipata kuulizwa nieleze sifa za Adili, nikaziandika, nikapewa alama. Walakini hakuna aliyenitaka nistaajabu kwamba mwema anapiga. Mtoto aliyekuwa hajui dhamira wala tamathali alikuwa amekishika kitabu penye moyo wake, na mimi, niliyekwisha kukijua tangu utotoni, nilijikuta natamani kesho ifike nami niisikie tena habari ile.

Nimetafakari sana kwa nini sauti ilifanya lile ambalo kitabu kikiwa kimelala sandukuni hakikulifanya, na nadhani jibu limo katika lugha yetu yenyewe. Watu wa pwani zamani walikiita kitabu chuo, na mahali pa kufundishia watoto napo wakapaita chuo, na aliyesoma alisikika. Utenzi ulitungwa ughanwe. Barua iliyotoka ng'ambo ilisomewa nyumba nzima barazani, na ajuaye herufi akawa mdomo wa wasiozijua. Kusoma kimya, kila mtu na faragha yake, ni adabu tuliyoizoea baadaye, nayo ni njema, lakini mtoto haanzii hapo.

Tazama alivyofanya Mwana Kupona binti Mshamu wa Siu, katika kisiwa cha Pate. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa na akijua ajali haiko mbali, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa wasia ambao hata leo unasomwa, na mwanzo wake ni kumwita binti yule asogee karibu na kuchukua wino na karatasi, kwa kuwa moyoni mna jambo la kumwambia. Wasia wenyewe una mengi ambayo mwanamke wa leo ataafiki baadhi na kuyakataa mengine, nami nayakataa mengine; lakini kikao kile cha mama na mtoto, sauti huku na kalamu kule, sijaona kikao kilicho bora kuliko hicho. Shaaban Robert naye, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, aliyekuwa karani wa serikali na mtunzi nje ya saa za kazi, aliwatungia wanawe tenzi mbili, Hati kwa binti yake na Adili kwa mwanawe wa kiume. Waandishi hawa walianza na msikilizaji mmoja, wa nyumbani mwao.

Vitabu vya watoto kwa Kiswahili vipo, ijapokuwa si kwa wingi tunaoutaka. Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na tangu 1991 Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kutoa hadithi kwa ajili ya skuli za msingi za Tanzania. Asiye na uwezo wa kununua hakosi kanga ya bibi yenye maneno pindoni, wala gazeti lililofungiwa maandazi; mwanangu husoma hata hayo, akiyakunjua mezani na kuuliza kipande kilichochanika kilisema nini.

Kwetu sasa ni baada ya isha, robo saa, si zaidi. Nasimama penye fundo la hadithi, si mwisho wa sura, na simtaki anipe mukhtasari wa jana. Akikutana na neno gumu tunalitafuta pamoja katika kamusi, na siku tuliyotafuta mjeledi tulipata hidaya ambayo sikuitazamia: neno hilo na jalada ni ya nasaba moja, yote mawili yametoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya ngozi. Akaliokota lile jalada lililobanduka, akalinusa, akaniambia kitabu chetu nacho kimechunwa.

Usiku wa tano nilipokifungua kitabu sikukiona kipande cha ukili ninachowekea alama mahali nilipokiacha. Kilikuwa kimesogea mbele kurasa 11, na pembeni mwa ukurasa ule pamebaki alama ya kidole yenye mafuta ya maandazi. Nikamtazama. Akavuta shuka mpaka kidevuni, akalaza shavu juu ya mkono wangu.

“Soma, Mama,” akasema. “Anza pale tulipoishia jana.”