Mtoto Ugenini na Habari za Wazee Wake

Migori na Homa Bay, kama ilivyo Mombasa na Lamu, zipo nyumba zenye mtoto aliye ng'ambo. Tunamfungia nguo, tunamsomea dua. Habari za wazee wake mara nyingi tunazibakisha nyumbani.

Vitabu viwili vimetuzindua. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, *Gravel Heart* (2017), inamfuata Salim, kijana wa Unguja aliyekwenda London kuishi kwa mjomba wake. Humwandikia mama yake barua, nyingine asizitume. Ugeni anauzoea, lisilomtoka moyoni ni swali moja: kwa nini baba alihama nyumbani? Jibu analipata kwa baba mwenyewe, mama akiwa ameshafariki.

Cha pili si riwaya, bali ni kumbukumbu za Barack Obama, *Dreams from My Father* (1995). Sehemu ya utoto wake aliishi Jakarta. Baba yake alimjua kwa masimulizi na ziara moja tu. Baba alipokwisha kufariki ndipo alipokuja Nyanza, akaketi na Mama Sarah, akasimuliwa habari za babu yake, Hussein Onyango, Muislamu mzaliwa wa Kendu Bay.

Wote wawili walisafiri mbali kuyatafuta maneno ya nyumbani kwao.

Basi, wazazi wenzetu, kabla ya begi kufungwa tumkalishe mtoto mkekani, tumtajie wazee wake, na lile zito tunaloliogopa tulitamke kwa hekima. Tukinyamaza, atalisikia kwa mwingine, nasi huenda tumeshatangulia mbele ya haki.