Betri Ndogo ya Mtumbwini: Usiilaze Njaa



Ukisimama ufuoni mwa Ziwa Victoria usiku usio na mwezi, utaona taa zimetapakaa majini kana kwamba kuna mji huko. Hao ni wavuvi wa omena. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi utakuta pia taa za LED zinazowashwa kwa betri ndogo ya kuchaji, ya volti 12. Betri ya namna hiyo hiyo ndiyo wavuvi wa ng'ambo huibeba ndani ya kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili, iendeshe kifaa cha kutafuta samaki.

Malalamiko tunayosikia ni yale yale: "Hizi betri ni bandia. Nilinunua yangu, miezi mitatu ikafa." Ni kweli, bandia zipo. Lakini nyingi tunaziua sisi wenyewe kwa kutojua. Na betri ikizima katikati ya ziwa, hasara si ya pesa tu. Mtumbwi usio na taa hauonekani na boti ya injini inayokuja mbio gizani.

IJUE BETRI YAKO

Soma maandishi yaliyo ubavuni. Betri ndogo inayopatikana kwa urahisi madukani ni ile ya risasi iliyofungwa, isiyoongezwa maji, ya volti 12 na ampia-saa 7. Uzito wake ni zaidi ya kilo 2. Nyingine ni ya lithiamu, iliyoandikwa LiFePO4. Hiyo ni nyepesi, kama nusu ya uzito huo, na hudumu zaidi, lakini bei yake iko juu.

Wengine hubeba betri ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake. Kuitumia usiku kucha mpaka iishe ni kuichosha upesi.

PIGA HESABU KABLA YA KUTOKA

Zidisha volti kwa ampia-saa: 12 mara 7 ni 84. Hizo ni wati-saa, yaani akiba yote iliyomo. Lakini kwa betri ya risasi, tumia nusu tu, yaani 42. Nusu nyingine iache humo humo, kama mbegu ghalani.

Sasa, taa ya wati 5 ikiwaka saa 8 itakula 40. Umetosha usiku mmoja, basi. Kijana wako akiunganisha simu yake hapo, simu ya kisasa huweza kunywa wati-saa 15 au zaidi mpaka ijae. Hiyo ni kama saa 3 za taa yako! Afadhali simu ijazwe nyumbani kabla ya kutoka. Mkiwa na taa mbili, betri ziwe mbili.

JAMBO KUU: USIILAZE NJAA

Ukisahau mengine yote, kumbuka hili. Betri ya risasi haifi upesi kwa kufanya kazi. Hufa upesi kwa kuachwa tupu.

Ndani yake mna mabamba ya risasi. Kila unapotumia umeme, unga mweupe hushika juu ya mabamba hayo. Ukichaji mapema, unga huyeyuka na betri hurudi kama kawaida. Ukiiacha siku nyingi, unga huo hugeuka mgumu kama ukoko wa ugali ulioachwa sufuriani. Hapo hata uichaji wiki nzima, haishiki tena. Utaona inajaa upesi, na kuisha upesi.

Basi sheria ni hii: umerudi alfajiri, betri ianze kuchajiwa asubuhi hiyo hiyo. Usiseme "ingali na moto kidogo, nitaitumia tena leo usiku." Huo moto kidogo ndio unaoiua.

Nunua mita ndogo ya volti, au mnunue moja kwa kikundi. Pima betri ya risasi ikiwa imepumzika saa mbili hivi, bila kuchajiwa wala kuwasha kitu:

- Volti 12.7 au zaidi: imejaa.
- Volti 12.3 hivi: imebaki nusu. Chaji.
- Chini ya volti 12: ina njaa. Chaji sasa, si kesho.

Mwenye betri ya lithiamu asiitegemee mita hii, kwa maana volti zake hazishuki sana mpaka karibu na mwisho. Halafu kifaa cha ulinzi kilicho ndani huikata na taa huzima ghafla, bila kufifia kwanza. Mwenye betri hiyo ahesabu saa, na abebe tochi ya akiba.

KUCHAJI

Kwa stima, tafuta chaja inayojipunguza yenyewe betri ikijaa. Kwa betri ya ampia-saa 7, chaja isizidi ampia 2. Chaja kubwa ya lori huichemsha na kuivimbisha. Betri iliyovimba haiponi, itoe kazini.

Kwa sola, paneli ya wati 20 hutosha kurudisha kazi ya usiku mmoja kukiwa na jua zuri mchana kutwa. Lakini usiunge paneli moja kwa moja kwenye betri. Weka kidhibiti katikati, kwa kuwa paneli ya "volti 12" huweza kutoa volti 20 na zaidi kwenye jua kali. Paneli ikae juani, betri ikae kivulini. Joto huifupishia betri maisha.

Lithiamu ipate chaja iliyoandikwa ni ya LiFePO4. Na betri yoyote, ichaji mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Ya risasi huweza kutoa gesi inayoshika moto.

MAJI NA WAYA

Weka betri ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kifuniko, lakini kisizibe hewa kabisa. Kifunge kwa kamba katikati ya mtumbwi, chini, wimbi lisikirushe. Paka grisi kidogo kwenye vichwa vya betri baada ya kukaza waya. Wa Pwani wafanye hivyo zaidi, maana chumvi ya bahari hula shaba upesi. Ikimwagikiwa, ifute kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, kisha uikaushe.

Weka fyuzi ya ampia 3 kwenye waya mwekundu, karibu na betri. Waya mbili zikigusana, fyuzi hukatika. Bila fyuzi, waya huwa mwekundu kama kaa la moto, na mtumbwini mna mbao na pengine petroli.

ZIWA LIKIFUNGWA

Hapa Kenya, uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai. Miezi hiyo ndiyo betri nyingi hufia chini ya kitanda. Betri ya risasi hupoteza nguvu polepole hata bila kutumiwa. Ijaze kabisa, ondoa waya, iweke mahali pa baridi, na uichaji tena kila mwezi. Andika tarehe ukutani. Lithiamu yenyewe hupenda kuwekwa ikiwa na nusu hivi, si tupu.

BETRI ILIYOKUFA

Usiipasue wala kuichoma ili upate risasi ya kutengeneza vizito vya wavu. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Tunakumbuka Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikaurudisha uamuzi huo. Pesa hazifuti sumu iliyoingia mwilini. Irudishe betri nzima kwa muuzaji au mnunuzi mwenye kibali.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Betri zetu zilizokufa mwaka jana, zililala njaa siku ngapi?
2. Nani atakuwa na kazi ya kuzichaji ziwa likifungwa?
3. Je, tunaweza kuweka kidogo kila wiki tununue mita na kidhibiti kimoja?

Anayetunza betri ya leo hatanunua nyingine kesho. Na mama anayesubiri ufuoni alfajiri atauona mtumbwi wake ukirudi, taa ingali inawaka.