Vineno Vidogo Vinavyogeuza Maana ya Kiingereza

Barua ya Kiingereza ikifika Lafey, katika Kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Kenya na Somalia, kwa kawaida hupewa kijana aliyesoma ili awafasirie wazee. Maneno marefu hayamwogopeshi kijana huyo, kwa kuwa alifundishwa shuleni. Linalomkwaza ni neno fupi la herufi mbili au tatu.

Chukua mfano wa mzee aliyepata barua ya daktari wa mifugo, isemayo kwamba ngamia wake mgonjwa "must be put down". Kijana ajua kuwa "put" ni kuweka na "down" ni chini. Basi amwambia mzee kwamba daktari ataka ngamia alazwe chini, labda apate kumtazama vizuri, na mzee akubali kwa furaha. Kumbe daktari amesema ngamia auawe, asizidi kuteseka. Kila neno limefasiriwa sawasawa, na habari yote imepotea.

Kiingereza kina desturi ya kuchukua vitenzi vifupi vya kale, kama "put", "take", "give", "look" na "run", na kuviambatanisha na vineno vya mahali kama "up", "off", "out" na "after". Mara nyingine maana hubaki karibu na mwanzo wake, na hapo hapana taabu: "come in" ni kuja ndani. Lakini mara nyingi vikikutana huzaa maana ya tatu. "Put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima moto, "put on" ni kuvaa, na "put up with" ni kuvumilia. Mtu ajuaye "put" peke yake hajajua hata kimoja katika hivyo vinne.

Ugumu huu si wa watu wa Lafey tu. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake mashuhuri huko London mwaka 1755, alieleza katika dibaji kwamba vitenzi vya namna hii huwapa wageni taabu kubwa kuliko mambo mengine, naye akajitahidi kuvikusanya. Mwaka 1930 Mwingereza mwingine, C. K. Ogden, alitangaza Kiingereza chepesi cha maneno 850 tu, chenye vitenzi 18. Wengi walishangaa jinsi mambo yote yangeweza kusemwa kwa vitenzi 18. Jibu ni kwamba kazi kubwa walipewa hivyo vineno vidogo: badala ya "enter" husemwa "go in". Maneno yalipunguzwa hesabu, lakini mwanafunzi hakupunguziwa mzigo wa kuyaunganisha.

Lakini msemaji wa Kisomali haji mikono mitupu katika somo hili. Lugha yake ina vineno vinne, "u", "ku", "ka" na "la", ambavyo hukaa mbele ya kitenzi na kukipa mwelekeo. Kitenzi "hadal" ni kusema. "La hadal" ni kusema na mtu, "ka hadal" ni kusema juu ya jambo, "u hadal" ni kumsemea mtu, na "ku hadal" hutumika kwa kusema kwa lugha fulani. Tena kuna "soo", kionyeshacho kuja huku aliko msemaji, na "sii", kionyeshacho kwenda mbele. Mtoto wa Lafey huyatumia hayo yote kabla hajaona ubao wa darasani. Hata lile jambo la maana kugeuka kabisa analo nyumbani: "hel" ni kupata, bali "ka hel" ni kupendezwa na kitu. Akiulizwa kwa nini, atasema ndivyo isemwavyo. Na Mwingereza akiulizwa habari ya "put up with" atajibu vivyo hivyo.

Kiswahili nacho hufanya kazi hiyo hiyo, ila hukificha kineno ndani ya kitenzi. Aliyehama Lafey ametoka. Aliyehamia Lafey amekuja kukaa. Ni herufi moja tu iliyoongezwa, na mtu amekwisha kugeuza njia. Kadhalika kukimbia simba na kukimbilia simba si jambo moja, na mwenye kuyachanganya hatapata nafasi ya kusahihishwa. Kwa hiyo Msomali hutanguliza kineno, Mswahili hukitia ndani, na Mwingereza hukiweka nyuma. Hapo nyuma ndipo mwanafunzi anapokisahau, kwa kuwa huona kitenzi kimekwisha kusemwa.

Katika nchi kavu kama ile, mfano wa maji wafaa kutajwa. Mkuu wa shule akiandika "We have run out of water", asomaye neno kwa neno ataona watoto wakitoka majini mbio. Maana yake ni kwamba wameishiwa na maji, na wataka gari la maji lipelekwe. Au tena, "look for" ni kutafuta na "look after" ni kutunza. Mchungaji aliyeandika kwamba siku tatu alikuwa "looking for" mbuzi wa jirani yake amesema kuwa walipotea mikononi mwake, hali alikuwa akiwachunga usiku na mchana. Maneno kama hayo yakiingia katika daftari ya polisi, si rahisi kuyatoa.

Ipo namna nyingine, ambapo kitenzi hushikana na jina. Waingereza husema "take place" kwa jambo kutokea, "pay attention" kwa kusikiliza kwa makini, na "lose heart" kwa kukata tamaa. Msemaji wa Kiswahili hana haki ya kucheka. Yeye hupiga simu, hupiga pasi, hupiga kura na hupiga magoti, wala hakuna aliyepigwa. Hula kiapo bila kushiba.

Sasa yapo makosa ya Afrika Mashariki yenyewe, ambayo hata watu wenye vyeo huyaandika. Kubwa ni "discuss about". Kitenzi "discuss" hakitaki kineno chochote, lakini Mswahili hujadiliana juu ya jambo, na Msomali naye ana "ka" yake, basi wote wawili huona sentensi iko uchi na kuivika "about". Wengine husema "cope up with", pengine kwa kukumbuka "put up with", ilhali "cope with" yatosha. Upande wa pili ni wale wapunguzao. Mtu ataka achukuliwe kwa gari, naye huandika "pick me" badala ya "pick me up". "Pick" peke yake ni kuchagua au kuchuma, na mtu mzima hachumwi kama embe. Wako wasemao kwamba matumizi haya ni Kiingereza cha Kenya na yaachwe yalivyo. Hoja hiyo ina nguvu barazani. Haina nguvu katika mtihani wa kidato cha nne, ambao karatasi yake ya pili ya Kiingereza imezoea kumtaka mtahiniwa ajaze kihusishi kifaacho, au aweke kitenzi chenye kineno badala ya maneno yaliyopigiwa mstari. Hapo alama hupotea moja moja.

Mahali pa kineno pia pana kanuni yake. Yaweza kusemwa "put off the meeting" au "put the meeting off", yote ni sawa. Lakini mkutano ukitajwa kwa "it", ni lazima "put it off". "Put off it" ni kosa. "Look after" haikubali kutenganishwa kamwe: ni "look after the camels" na "look after them".

Mwanafunzi atakaye kuyashika haya asiandike katika daftari yake "look" na maana moja ubavuni. Na aandike sentensi nzima yenye kitu akijuacho, ngamia, kisima au duka la mjomba, kisha kesho yake aifunike na kuisema kwa kinywa. Akikutana na kitenzi kigeni chenye kineno nyuma, asikitafute kineno hicho peke yake katika kamusi. "Put down" haipatikani chini ya "down". Kamusi nyingi za wanafunzi huiweka chini ya "put", mwisho kabisa wa maelezo, baada ya mahali ambapo wasomaji wengi huwa wamekwisha kufunga kitabu.