Game Imepewa 97 Lakini Inakuboo? Soma Hii Kabla Utoe Doh

Umesevu doh ya game mpya, unacheki rivyu: grafiki kali, sauti fiti, alama 97 kwa 100. Sawa, lakini inabamba?

Cheki 2018. Red Dead Redemption 2 ilipata 97 pale Metacritic, na bado kuna wasee waliona inajikokota sana. Mwaka huohuo Among Us ilitoka na katuni simple tu. 2020, wakati wa Corona, kila mtu alikuwa anaicheza na mabeshte.

Shida ni hii: kinachokubamba wewe kinaweza kumboo beshte yako. Kwa hivyo alama pekee haitoshi. Rivyu ya maana inakushow game inabamba nani na kwa nini: ni ya solo ama ya mabeshte? Ya dakika kumi ama ya kukesha? Ukikosa hayo majibu, shikilia doh yako kwanza.