Simu Inapojikagua: Kinachopimwa na Kisichopimwa

Mkazi wa Wampembe anayenunua simu iliyotumika, iwe Namanyere au Sumbawanga, huitegemea kupokea malipo ya dagaa, kutuma ada ya shule na kuweka akiba. Ni haki yake kujua iwapo mfumo ulio ndani ya simu hiyo ni ule uliotoka kiwandani. Hapa tunaeleza jinsi simu inavyojikagua na mahali ambapo ukaguzi huo haufiki.

Simu hujikaguaje?

Simu ya Android huongozwa na programu kuu iitwayo kiini, ambayo ni Linux. Faili za mfumo hupimwa na kulinganishwa na alama zilizotiwa saini na mtengenezaji. Faili ikibadilishwa hata herufi moja, alama yake haitalingana. Toleo la 7 la Android, lililotoka mwaka 2016, liliimarisha ukaguzi huo, na simu ambayo mfumo wake umechezewa huweza kukataa kuwaka.

Mapengo yaliyopo

Mizani husema kweli juu ya gunia lililowekwa juu yake; haisemi neno juu ya gunia lililopitishwa nyuma ya ghala. Ndivyo ulivyo ukaguzi huu.

Kwanza, programu unazopakua mwenyewe hukaa nje ya eneo la mfumo linalopimwa. Programu ya kitapeli iliyotumwa kwa WhatsApp, ukiipa ruhusa, inaweza kusoma ujumbe wako wa fedha ilhali mfumo wenyewe haujaguswa.

Pili, hupimwa faili iliyo kwenye hifadhi. Programu hasidi ikijipenyeza kwenye kumbukumbu wakati simu inafanya kazi, faili hubaki vilevile.

Tatu, saini huthibitisha aliyeitia, si usalama wa kilichotiwa saini. Mwaka 2019 kampuni ya Google ilieleza kwamba programu hasidi iitwayo Triada ilikuwa imepachikwa katika mfumo wa baadhi ya simu kabla hazijamfikia mnunuzi.

Nne, kufuli la mfumo wa kuwashia likifunguliwa, ukaguzi hupoteza nguvu. Simu nyingi za namna hiyo huonyesha onyo la rangi ya chungwa kila zinapowashwa.

IMEI si kipimo cha mfumo

Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia. Mtumiaji hupata namba ya IMEI kwa kupiga *#06#, kisha huituma kwenda 15090 ili kuihakiki. Uhakiki huo ni muhimu, lakini hutambua kifaa tu. Haukagui faili zilizomo.

Tunakushauri

1. Kabla ya kulipa, izime simu na kuiwasha mbele ya muuzaji. Ukiona onyo, usiinunue.
2. Katika Mipangilio, tazama tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Simu isiyosasishwa kwa miaka mingi haifai kutunzia fedha.
3. Futa data zote za mmiliki wa awali. Kumbuka kwamba kufuta huko hakuondoi kilichopachikwa ndani ya mfumo wenyewe.
4. Usisakinishe programu iliyotumwa kama faili, hata ikitoka kwa ndugu.
5. Dai risiti na uitunze; bila risiti, ni vigumu kuthibitisha madai yako.
6. Usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Hakuna ukaguzi wa kiini unaoweza kuzuia hasara ya siri iliyotolewa kwa hiari.