Giaboksi ya Otomatiki Ikianza Kukataa, Itazame Oili Kwanza

Siku hizi baadhi ya wakulima wa Kitui na Makueni wana magari yao wenyewe, na mengi ni magari yaliyotumika Japani kabla ya kufika Mombasa. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka 8. Lakini likiisha kuingia huzeekea mikononi mwetu, likipakia maembe, ndengu, mbuzi na watu mwaka baada ya mwaka. Mengi ya magari haya, kama vile Toyota Probox na Corolla, yana giaboksi ya otomatiki, yaani hubadili gia yenyewe.

Giaboksi hii ni mtambo mzuri, lakini ikiharibika hula fedha nyingi. Mkulima aweza kuuza ng'ombe anunue giaboksi nyingine, kumbe ile ya kwanza haikufa, ilikuwa imepungukiwa na oili tu. Tena hasara huwa kubwa zaidi wakati wa maembe, maana embe lililoiva halimngojei fundi. Kwa hiyo yafaa wewe mwenye gari ujue kupima mambo machache mwenyewe, kabla hujakubali giaboksi ifunguliwe.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Katika otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Kati ya injini na giaboksi kuna chombo cha duara kilichojaa oili. Injini huizungusha oili hiyo, nayo oili husukuma mapanga yanayozungusha giaboksi. Ndani ya giaboksi mna pampu inayopeleka oili kwa nguvu kwenye klachi kadhaa. Klachi moja ikibanwa, gari huingia gia ya kwanza; nyingine ikibanwa, huingia ya pili. Basi oili ndiyo mkono unaobadili gia, tena ndiyo inayolainisha vyuma na kuviondolea joto.

Huku kwetu adui mkubwa wa oili hiyo ni joto. Gari lililopakiwa kupita kiasi likipanda milima ya Kilungu kwenda Nunguni, au likizungusha magurudumu bure katika mchanga wa mto Tiva, oili hupata moto mwingi. Oili iliyoungua haibani klachi sawasawa; klachi huteleza, na kuteleza huko huleta joto zaidi.

KUPIMA OILI

Toyota nyingi za zamani zina kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, mbali na kile cha injini. Fanya hivi:

1. Endesha gari dakika 15 hadi 20 ili oili ipate joto, kisha lisimamishe mahali tambarare.
2. Vuta hendibreki, kanyaga breki, na injini ikiwa inanguruma polepole sogeza gia kutoka P mpaka L, ukitua kidogo kila mahali, kisha urudi P.
3. Usizime injini. Chomoa kijiti, kipanguse kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena.
4. Oili yapaswa kufika kati ya alama mbili za upande ulioandikwa HOT. Ikiwa chini, ongeza kidogo kidogo, robo lita kwa mara moja, na kupima tena. Usizidishe, maana oili ikizidi hufanya povu, na povu haliwezi kubana klachi.

Magari mengine hayapimwi hivyo. Honda nyingi hupimwa mara tu injini ikiisha kuzimwa, na magari mengine hayana kijiti kabisa, ila fundi hupima kwa kufungua parafujo iliyo chini. Soma kitabu cha gari lako kwanza. Kumbuka pia kwamba giaboksi haili oili kama injini ilavyo. Ikiwa imepungua, kuna mahali inapovuja. Weka gazeti chini ya gari usiku, utazame asubuhi.

RANGI NA HARUFU

Dondosha tone moja la oili juu ya karatasi nyeupe. Oili njema ya giaboksi nyingi ni nyekundu nayo hupenyeza mwanga. Ikiwa ya hudhurungi lakini haina harufu mbaya, imezeeka, ibadilishwe. Ikiwa nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungua, tena ina chembechembe, klachi zimeanza kulika. Hapo kubadili oili peke yake huenda kusiponye.

Ikiwa ina rangi kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia. Katika magari mengi bomba la kupozea oili hupita ndani ya rejeta, na likitoboka maji na oili huchanganyika. Usiliendeshe gari hilo hata maili moja. Rejeta ibadilishwe na giaboksi isafishwe mara moja, kwa sababu maji hubandua klachi.

NI INJINI AU NI GIABOKSI?

Makosa mengi ya injini husingiziwa giaboksi. Njia ya kutenganisha ni sikio lako. Ukipanda mlima na kukanyaga mafuta, injini ikapaza sauti na kuzunguka kwa kasi lakini gari haliongezi mwendo, giaboksi inateleza. Lakini ikiwa injini yenyewe haizunguki kwa nguvu, ikikohoa na kusitasita, tazama plagi, chujio la petroli, na chujio la hewa, ambalo kwa vumbi letu huziba upesi.

Dalili nyingine ni hizi. Gari likiwa limesimama, kanyaga breki, toa gia N uweke D, uanze kuhesabu. Gari zima huingia gia kabla hujamaliza sekunde mbili. Ukifika tatu ndipo lishtuke, oili imepungua au nguvu ya pampu imeshuka. Fanya vivyo hivyo kwa R.

Kama injini hainguruki ukiwasha katika P bali huwaka katika N, usifungue giaboksi. Huenda ni swichi ndogo ya gia tu. Kama gari halifiki gia ya mwisho barabarani, tazama taa ya O/D OFF. Ikiwaka bila kupepesa, labda mtu amebonyeza kitufe kilicho kwenye mkono wa gia; kibonyeze tena. Lakini katika Toyota nyingi taa hiyo ikipepesa, ni gari linakuambia kwamba kuna kosa katika mambo ya umeme. Hakikisha nyaya za betri zimekaza, kisha mwambie fundi alisome kosa hilo kwa mashine kabla hajashika spana.

MAMBO YASIYOFAA

Usiweke oili yo yote iliyo dukani. Kuna T-IV, kuna WS, kuna ya CVT, nazo hazifanani. Probox nyingi za otomatiki zilizotengenezwa baada ya mwaka 2014 zina giaboksi ya CVT yenye mkanda wa chuma. Ukiitilia oili ya giaboksi ya kawaida utaiharibu.

Usibadili kutoka D kwenda R magurudumu yakiwa bado yanazunguka. Ukikwama mchangani, acha kukanyaga. Shusha mzigo, chimba, weka matawi.

Usiwashe otomatiki kwa kusukumwa, maana injini haiwezi kuzungushwa na magurudumu. Tena usiikokote mbali. Pampu huzungushwa na injini, na injini ikiwa imezimwa vyuma vya ndani hukosa oili. Kuvutwa na ng'ombe hatua chache kutoka mtoni, gia ikiwa N, si kitu. Lakini kukokotwa kutoka Mutomo mpaka mji wa Kitui ni kuiua giaboksi. Magurudumu yanayoendesha gari yainuliwe, au gari lipakiwe juu ya lori.

Ukiteremka mlima mrefu, weka 2 au L ili injini isaidie breki.

Ukienda kwa fundi, usimwambie tu "giaboksi imekufa." Mwambie ulivyoona: kiasi cha oili, rangi yake, sekunde ulizohesabu, na gia inayoteleza. Fundi aliyeambiwa hivyo hana haja ya kubahatisha. Na akisema giaboksi lazima itolewe, mwombe kwanza akuonyeshe oili na kile kilichomo ndani ya chujio lake, maana fedha za maembe hazirudi zikiisha kulipwa.