Kinyago cha Alumini: Tuwaachie Watoto Watumie Mikono

Akina mama wenzetu, mtoto akirudi kutoka shuleni na kusema mwalimu wa sanaa anataka kipande cha alumini cha kutengenezea kinyago, wengi wetu hushtuka. Wengine huogopa jina, wengine huogopa vidole kukatwa. Hofu ya kwanza tuiweke kando: huu ni uso wa kupamba ukutani tu. Ya pili ina sababu, nasi wauguzi tunaijua.

Ufundi huu ni wa kale. Mwaka 1876 Heinrich Schliemann alifukua kaburini huko Mycenae, Ugiriki, kinyago cha bamba jembamba la dhahabu kilichofunika uso wa marehemu yapata miaka 3,500 iliyopita. Watoto hufuata njia hiyo hiyo: sura husukumwa kutoka nyuma ili itokeze mbele.

Dhahabu haihitajiki. Chombo cha alumini cha kubebea chakula, kikioshwa vizuri, chatosha. Karatasi ya alumini ya jikoni ni nyembamba mno, hupasuka. Kopo la soda tuliache. Likikatwa lina makali kama wembe.

Kukata ni kazi ya mama. Kabla mtoto hajaigusa, tukunje kingo zote kuelekea nyuma kiasi cha nusu sentimita. Kisha tuilaze juu ya gazeti lililokunjwa mara kadhaa. Mtoto achore uso kwa kalamu iliyokwisha wino, ageuze, na kukandamiza mashavu, pua na midomo kwa mpini wa kijiko. Haraka haraka haina baraka: akitumia nguvu, alumini hutoboka. Mwisho apake dawa nyeusi ya viatu na kuipangusa. Weusi hubaki kwenye mistari na sura huonekana vizuri.

Akijikata, tuoshe jeraha kwa maji safi na sabuni, tulibane kwa kitambaa safi mpaka damu ikome. Likiwa la kina, au damu isipokoma, aende zahanati pamoja na kadi yake ya chanjo, ili ijulikane kama amekingwa na pepopunda.

Yaliyobaki tumwachie mwenyewe. Pua ikipinda, tusimpokonye tuinyooshe. Tukifanya hivyo tutapata kinyago kizuri, lakini mtoto ataamini kwamba mikono yake haifai kitu. Tukitundike sebuleni na pua yake hiyo hiyo, na wageni wakiuliza, aeleze mwenyewe alivyokitengeneza.